Mukuru walishapanga, sasa serikali ijibu

Wakazi wa Mukuru, jijini Nairobi, hawakukataa mtaa wao kupangwa. Walikubali, kisha wakaketi na kuupanga wenyewe, tena kwa mwaliko wa serikali. Serikali hiyo ndiyo iliyorudi baadaye na matingatinga. Miaka imepita na hakuna afisa hata mmoja aliyesimama hadharani kueleza ni nani aliyeamua kwamba kazi ile yote haikuwa na maana.

Agosti 2017, mwezi wa uchaguzi mkuu, Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza katika Gazeti Rasmi kwamba Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani ni eneo maalum la upangaji. Maana yake kisheria haihitaji wakili: ujenzi usimamishwe, mpango uandaliwe, na kila kitakachofanywa baadaye kiufuate. Eneo lenyewe lina zaidi ya kaya 100,000. Zimebanana juu ya ardhi ambayo sehemu yake kubwa iligawiwa kampuni za kibinafsi miongo kadhaa iliyopita ili zijenge viwanda, na viwanda havikujengwa.

Yaliyofuata yalistahili kuwa mfano kwa jiji zima. Kila kaya 10 zilichagua mwakilishi. Wawakilishi 10 wakaunda kundi la kaya 100, na makundi hayo yakaungana hadi ngazi za juu za mtaa. Zaidi ya mashirika 40, vikiwemo vyuo vikuu na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, yaligawana kazi: maji, ardhi, afya, elimu, fedha, sheria. Mjadala haukuwa wa nadharia. Upana wa barabara unaotakiwa na kanuni za kawaida za jiji ungefagia safu nzima za nyumba. Ukipunguzwa kupita kiasi, gari la zimamoto haliingii, na Mukuru wanaujua moto. Mpangaji wa chumba kimoja cha mabati aliulizwa swali ambalo wakazi wa mitaa ya kifahari ya Karen na Lavington hawajawahi kuulizwa: kati ya chumba cha jirani yako na njia ya gari la zimamoto, utoe kipi? Watu walijibu. Walihesabu mita, wakakubaliana pa kupunguza na pa kuacha.

Matunda yalionekana. Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, ilipokabidhiwa majukumu ya kaunti mwaka 2020, ilikuta mpango tayari na ikautumia. Barabara zilitengenezwa, maji yakasogezwa karibu, vituo vya afya vikajengwa, na mabomba membamba ya majitaka yakaanza kupita katika vichochoro ambavyo wahandisi walizoea kusema havipitiki. Anayedai kuwa kuwasikiliza wakazi ni kupoteza wakati ana hayo ya kujibu.

Kisha ikaja Oktoba 2021. Matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya kuunganisha na Barabara ya Catherine Ndereba. Watu wanaokadiriwa kufikia 40,000 walipoteza makao. Wakazi walilalamika kwamba ubomoaji ulivuka mbali upana wa barabara na kuingia katika ardhi inayozozaniwa na kampuni ya kibinafsi. Familia zililala juu ya vifusi vya nyumba zao, chini ya karatasi za nailoni, zikilinda kipande cha ardhi kisije kikazungushiwa ua usiku.

Jambo moja halipaswi kusahaulika. Upangaji wa jiji ulikuwa miongoni mwa majukumu yaliyohamishiwa NMS. Ofisi iliyobeba dhamana ya mpango wa Mukuru ndiyo iliyokuwa ikifungua barabara hiyo. Kwa hiyo kisingizio cha kawaida, kwamba idara moja haikujua mipango ya nyingine, hakipo hapa. Ama mpango haukufunguliwa kabla ya matingatinga kuwashwa, ama ulifunguliwa na kupuuzwa. NMS ilifikia kikomo 2022 na majukumu yake yakarudi kaunti. Idara ilivunjwa, waliotia saini maamuzi yake hawakuvunjwa nayo.

Wala haiwezi kusemwa kwamba sheria haikuwa wazi. Januari mwaka huohuo wa 2021, katika kesi ya wakazi waliofurushwa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba haki ya makazi ni haki ya kudaiwa mahakamani. Sheria ya ardhi inataka ilani ya miezi mitatu kabla ya kuondoa watu. Kifungu cha 10 cha Katiba kinataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na cha 184 kinadai wakazi wa miji washiriki katika kuitawala. Kenya haina upungufu wa vifungu. Kinachokosekana ni adhabu kwa anayevikanyaga.

Mwaka 2024 jambo lilijirudia kwa sura nyingine. Mafuriko ya Aprili na Mei yaliua watu, na hakuna mwenye akili atakayetetea kulala ukingoni mwa Mto Ngong, unaopita Mukuru, maji yakipanda. Serikali ilikuwa na wajibu wa kuwaondoa watu hatarini. Lakini ilani ya saa 24, nyumba kubomolewa mvua ikinyesha na ahadi ya Sh10,000 kwa kila familia si mpango wa makazi. Ukanda wa mto haukugunduliwa Mei 2024. Wataalamu wote wa mipango ya jiji wanajua mto unapita wapi, na wakazi wa Mukuru walikwisha kuketi kupanga mtaa wao kuanzia 2017. Serikali iliyokuwa na miaka saba ya kuandaa mahali pa kuwapeleka watu haina haki ya kuita dharura kile kilichokuwa uzembe.

Chanzo cha yote haya ni jinsi neno "ushirikishaji" linavyoeleweka serikalini. Kwa maafisa wengi, umma umeshirikishwa pale karatasi ya mahudhurio inapojazwa. Baraza linaitishwa na chifu, viti vya plastiki vinapangwa chini ya hema, mtaalamu anaonyesha ramani iliyoandikwa Kiingereza, watu wanne wanapewa kipaza sauti, soda zinagawiwa. Majina na nambari za simu zilizokusanywa pale zinaambatanishwa na ripoti kuthibitisha kwamba wananchi waliridhia. Wanachokuwa wameridhia hakiandikwi. Hiyo ni kuarifiwa, na hata kuarifiwa kwenyewe ni kwa shida.

Mukuru ilikuwa tofauti kwa sababu maamuzi yalifanywa na kuandikwa. Ndiyo maana kuvunjwa kwa maamuzi hayo kunaumiza zaidi kuliko baraza lolote la mapambo. Mwakilishi wa kaya 10 aliyewashawishi majirani kutoa nafasi kwa ajili ya barabara ndiye aliyebaki kuwatazama usoni matingatinga yalipoondoka. Afisa atakayekwenda kesho Mathare au Kibera kuomba imani ileile asishangae akikuta mahema matupu.

Wakazi nao hawana kauli moja, na ni upotovu kuzungumza kana kwamba wanayo. Wengi wa wanaoishi Mukuru ni wapangaji. Wenye vyumba wengi wanaishi kwingine. Mwenye vyumba 20 anataka fidia, mpangaji anataka kodi isipande, na mchuuzi wa kando ya barabara anataka asiondolewe pale wateja wanapopita. Mfumo wa kaya 10 ulimpa mpangaji kiti ambacho baraza la chifu humnyima. Ndiyo sababu nyingine ya kuulinda.

Nyumba mpya hazifuti hoja hii. Mei 2025 Rais William Ruto alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza katika mradi wa Mukuru unaolenga nyumba 13,248. Ni hatua ya kweli, na waliopata wana kila sababu ya kufurahi. Lakini hesabu ni hesabu: hata zote zikikamilika na kupewa wakazi wa Mukuru peke yao, kaya zaidi ya 86 kati ya kila 100 zitabaki palepale mpango wa 2017 ulipozikuta. Ghorofa haliwezi kuchukua nafasi ya mpango wa mtaa. Na kama mradi huo ni wa wakazi wa Mukuru, orodha ya waliopewa, bila kuanika siri zao, ioneshe ni wangapi walitoka Njenga, Reuben na Viwandani.

Gavana Johnson Sakaja hakuwa ofisini 2021. Sasa yuko ofisini, na upangaji uko mikononi mwake. Bunge la Kaunti liweke mezani mpango wa Mukuru na lidai maelezo ya kila kipengele: kilichotekelezwa, kilichokwama, kilichovunjwa na kwa amri ya nani. Waliosimamia NMS wakati wa ubomoaji waitwe mbele ya kamati, wajibu kwa majina yao. Swali la ardhi lisiendelee kuachiwa anayewahi kwa ua na walinzi; Wizara ya Ardhi itamke ni hati zipi ilizotoa kwa masharti ya viwanda na ni zipi ambazo masharti yake yalikiukwa.

Na kuanzia sasa, afisa anayetaka kwenda kinyume na mpango ulioandikwa na wakazi aandike barua yenye sababu, aitie saini, na ibandikwe mtaani miezi mitatu kabla. Wakazi wapate muda wa kuipinga mahakamani nyumba zikiwa zimesimama. Barua kama hiyo haigharimu chochote isipokuwa ujasiri wa mtu kuweka jina lake.

La kuanzia ni dogo kuliko yote. Ramani ya mpango, iliyoandikwa Kiswahili, iwekwe katika ofisi za machifu wa Mukuru, mpaka wa ukanda wa mto ukiwa umechorwa mahali mkazi anaweza kuweka kidole na kuona mlango wake uko upande gani. Iwepo kabla ya mvua za Machi.