"Haujawahi kuguswa" na nani?

Wasee, tuache uwongo. Kila wiki napata video ya mtu amelala siku mbili kwa loji ya msituni huku kwetu. Droni juu ya miti, chai kwa veranda, mwongozaji ametangulia na gamubuti zake, halafu kapsheni: "Msitu ambao haujawahi kuguswa." Na nani?

Mimi ni wa Soin, ile Kericho ya chini yenye joto, kwa hivyo wengine mnashtuka nikisema huku kuna miwa. Na ile kijani yenu ya kupiga selfi? Hiyo ni majani chai, si msitu. Hiyo ardhi ilikuwa ya Wakipsigis na Talai kabla Mwingereza aichukue. Talai walitungiwa sheria yao pekee mwaka wa 1934, wakapelekwa Gwassi kando ya ziwa, kwa mbung'o na malaria. Hata ile chai ya Nyayo ya 1986 ilipandwa pembeni ya msitu iwe kama ua, watu wasiingie. Unapozi mbele ya ua, bana.

Sasa ingia Mau yenyewe. Waogiek wameweka mizinga yao humo tangu zamani. Mnamo 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika kule Arusha ilisema Kenya imekiuka haki zao kwa kuwafukuza. Juni 2022 ikaagiza walipwe shilingi 157,850,000 na warudishiwe ardhi yao kwa hati. Novemba 2023, nyumba zao zikabomolewa tena Sasimwani, upande wa Narok. Mwaka mmoja tu na miezi baada ya hiyo amri! Na wewe unaandika "haujaguswa".

Najua mtanijibu kwamba bila watalii msitu utakatwa wote. Hiyo hoja ina uzito, siwezi kuicheka. Miti ikikatwa huko juu, sisi wa chini tunajua mapema: mto unakuja na matope. Lakini nielezee hii: mtu wa mizinga anaitwa mvamizi, mgeni mwenye kitanda na maji moto anaitwa mhifadhi. Kwa hesabu gani? (Niliacha chuo mwaka wa pili, labda hiyo hesabu ilifundishwa wa tatu.)

Kinachoniuma zaidi ni mwongozaji. Kuna mmoja niliongea naye, loji siitaji. Anajua kila mti kwa Kikipsigis, na dawa gani inatoka kwa gome lipi. Wageni anawapa jina la Kilatini na jina la ndege, basi. Waliambiwa wasilete "siasa" mbele ya wageni. Yaani babu yake kuhamishwa ni siasa, lakini babu ya mwenye kampuni ya chai ana picha kwa ukuta, na hiyo ni "historia".

Kwa hivyo ukienda, nenda. Pumzika, kula vizuri. Lakini muulize huyo jamaa nani alikuwa anaishi hapo, mkiwa wawili, mbali na meneja. Na umtipu yeye mkononi, si kwa ile sanduku ya mapokezi.

Wiki jana mimi pia nimetumiwa ofa: usiku mbili bure, kapsheni ishaandikwa. Nikawajibu ni sawa, ila natoa neno moja, "haujaguswa". Mpaka saa hii wamenyamaza.