Picha za Zamani Zitazamwe na Biharusi, Lakini Asizitazame Peke Yake



Mfungo Mosi ukiingia, visiwa vyetu hugeuka vya harusi. Biharusi huulizwa mengi: ukumbi gani, gauni la rangi gani, nani atamtia hina, singo lini. Ni nadra mtu kukaa naye chini akamuuliza: wewe ndoa unaielewaje? Utasema nini siku mume akiamua jambo lako bila ya kukuuliza? Somo atasema ya kwake, na ya kwake yana maana, lakini mara nyingi yeye ndiye anayesema na mwari anainamisha kichwa.

Maoni yangu leo ni haya: katika majuma ya kabla ya harusi, biharusi atazame picha mbili tatu za zamani pamoja na mama yake, shangazi yake au somo wake. Wazichague wao wenyewe, wasingojee kuchaguliwa na chaneli wala simu. Na wakimaliza wazungumze.

Jambo hili si geni kwetu. Enzi za Majestic, Empire, Sultana na Cine Afrique, palikuwa na maonyesho ya senema ya wanawake watupu hapa mjini. Bibi zetu walivaa mabuibui yao wakaenda kumtazama Raj Kapoor na Nargis katika Awaara ya mwaka 1951, na nyimbo za taarab zetu zikachota mahadhi kutoka picha za Kihindi. Waulizeni wakubwa wenu. Watakusimulieni picha, na pia watakusimulieni mabishano ya baada ya picha: nani alikosea, nani alistahamili kupita kiasi, mume yule angefanywa nini. Leo picha zimejaa ndani ya simu zetu. Kilichotutoka ni yale mabishano.

Nichukue picha tatu, kila moja ina swali la ndoa.

Ya kwanza ni Chaudhvin Ka Chand, ya mwaka 1960, iliyotengenezwa na Guru Dutt, naye mwenyewe akacheza pamoja na Waheeda Rehman na Rehman. Mji ni Lucknow, watu ni Waislamu wa tabaka la juu. Nawab mmoja anaiona sura ya msichana sokoni na kumpenda. Kwa mchanganyiko uliotokana na shungi, msichana yule anaolewa na rafiki wa nawab, na rafiki hajui. Siku anayojua, anaanza kujifanya mlevi na mpenda nyumba za wachezaji, ili mkewe achoke mwenyewe na kudai talaka, apate kumwachia rafiki yake. Picha ni nzuri, na wimbo wenye jina la picha ulitiwa rangi wakati sehemu kubwa ya picha ni nyeusi na nyeupe. Lakini mtazame vizuri mke. Wanaume wawili wanagombania nani ajitolee zaidi kwa mwenzake, na hakuna hata mmoja anayemuuliza yeye anataka nini.

Ya pili inatoka Misri: Uridu Hallan, yaani Nataka Suluhisho, ya mwaka 1975, yake Faten Hamama. Mke aliyekaa na mumewe miaka mingi anaomba talaka, mume anakataa, naye anazungushwa mahakamani mwaka baada ya mwaka. Huyu kinywa anacho, anasema, lakini hasikilizwi. Picha ile ilizusha mjadala mkubwa Misri kuhusu sheria za ndoa. Mwaka 2000 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyompa mke njia ya kudai khului mahakamani.

Ya tatu ni Nikaah, ya mwaka 1982, iliyoongozwa na B. R. Chopra. Nilofar, anayechezwa na Salma Agha, anaachwa na mumewe wa kwanza kwa talaka tatu za hasira, wakati ambapo watu walikuja kusherehekea mwaka mmoja wa ndoa yao. Anaolewa tena na mtu mwema. Kisha huyu mwema anadhani mkewe bado anampenda yule wa kwanza, na kwa wema wake anataka kumwacha ili amrudishe kule. Hapo Nilofar anawasimamisha wote wawili na kuwauliza. Mmoja alimwacha bila ya kumuuliza, wa pili anataka kumtoa bila ya kumuuliza: tofauti yao ni ipi? Yeye si mali ya kupokezana.

Miaka 22 imepita kati ya picha ya kwanza na ya tatu, na kosa la wanaume ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mke wa picha ya tatu amejibu.

Sisi tuna cha kusema zaidi hapo kuliko watengenezaji wa picha. Tunaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba bikira huombwa idhini, na kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Na Bukhari amepokea habari ya Khansaa bint Khidaam, aliyeozwa na baba yake naye hataki, akaenda kwa Mtume (S.A.W.), na ndoa ile ikabatilishwa. Kwa hiyo siku wali anapokuja chumbani kutaka idhini yako, si mapambo ya shughuli. Kunyamaza kwa haya ni kitu kimoja, na kunyamaza kwa kukosa mazoea ya kuulizwa ni kitu chengine. Mtoto wa kike aliyezoea kutoa maoni yake mbele ya mama na shangazi, hata ikiwa ni juu ya mambo ya Nilofar tu, atakuwa amejifunza kusema kabla ya kusema kumhusu yeye.

Sasa, zinapatikana wapi?

Chaneli za king'amuzi na kebo zina raha yake, maana unafungua tu. Lakini hazikungojei. Wenye DStv wataikumbuka TCM, chaneli ya picha za zamani za Marekani iliyoanzishwa kwao mwaka 1994. Kwetu Afrika mwaka 2018 nafasi yake ilichukuliwa na TNT, na picha za zamani zikaondoka nayo. Basi kama chaneli yako ya Kihindi au Kiarabu inaonyesha picha unayoitaka, tazama ratiba mapema, na kama king'amuzi chako kinarikodi, rikodi. Jamaa walioko Muscat au Dubai wao wana Rotana Classic kwa picha za Misri.

Huduma za kulipia kwa mwezi, kama Netflix, Prime Video na Shahid, hupewa haki ya picha kwa muda na kwa nchi. Ndiyo maana wifi yako aliyeko Dubai anaweza kuiona picha ambayo wewe Unguja huioni, na iliyokuwepo mwaka jana leo haipo. Usilipie mwezi mzima kabla ya kutafuta jina la picha na kuhakikisha ipo katika nchi yako.

Kwa wengi wetu njia nyepesi ni YouTube. Makampuni ya India yenyewe, kama Shemaroo, Rajshri na Ultra, yameweka picha nyingi za zamani nzima nzima, bila ya malipo, ila utavumilia matangazo. Andika jina pamoja na mwaka. Kisha angalia urefu: picha ya Kihindi ya zamani ni saa mbili na nusu au tatu, na Mughal-e-Azam inapita saa tatu. Ukiona dakika kumi na tano, hicho ni kipande. Angalia pia kama ina maandishi ya tafsiri, ijapokuwa bibi anaweza kukutafsiria bila ya hayo.

Kuhusu bando: picha ya mwaka 1960 haihitaji ubora wa juu kabisa, punguza ubora na bando litadumu. Iunganishe simu na TV, kwa waya au kwa wifi, maana picha ya kutazamwa kwenye simu ni ya mtu mmoja na sisi tunataka ya watu wanne. TV ikiivuta picha mpaka nyuso zikawa pana, nenda kwenye mipangilio uirudishe umbo lake la 4:3. Na zima ile sehemu inayoleta video nyengine yenyewe. Picha ikimalizika, iwe kimya, ndipo maneno yaanze.

Anzeni baada ya Isha ili sala isikatwe. Picha nyingi za Kihindi zina mapumziko katikati. Yatumieni hayo hayo: kahawa, na swali moja kwa biharusi. Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Muache ajibu kabla ya shangazi kujibu.

Najua wapo dada wasiotazama picha kabisa, kwa ajili ya muziki na mavazi. Hao wako katika msimamo wao na nauheshimu. Wazungumze juu ya Khansaa, wametosheka. Maneno yangu ni kwa nyumba ambazo TV imeshawashwa, ambamo tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili zinaonekana kila usiku na biharusi yuko chumbani na simu yake. Huyo anajifunza ndoa kutoka picha hivi sasa, tofauti ni kuwa hakuna mkubwa karibu wa kumwambia, "Hapo, mwanangu, usikubali." Na Chaudhvin Ka Chand ikitazamwa peke yake inadanganya, kwa sababu inamfanya mume anayemtesa mkewe kwa ajili ya rafiki aonekane shujaa.

Jambo moja la kuangalia: picha si fatwa. Talaka tatu za Nikaah zinaleta masuala ya fiqhi yanayohitaji mwenye elimu. India yenyewe, Mahakama ya Juu ilizitengua talaka tatu za papo kwa papo mwaka 2017. Hapa kwetu muulizeni sheikh wenu, na mwenye shida ya kweli aende kwa Kadhi. Msichukue hukumu kwa Salma Agha.

Mama wa biharusi, hina na ukumbi vina watu wa kuvishughulikia. Hili ni lako. Tafuta usiku mmoja kabla nyumba haijajaa wageni, mchague picha, ukae karibu na mwanao, na ukimuuliza, umngojee ajibu. Mwenyezi Mungu awape mabiharusi wetu waume wanaouliza, na awape wao ulimi wa kujibu. Amin.