Kufuli la mlango halimlindi mtoto njiani

Mwanzoni mwa mwaka 2019 mkoa wetu wa Njombe ulitikiswa na mauaji ya watoto, ambayo serikali iliyahusisha na imani za kishirikina. Wazazi wengi wakaanza kuwasindikiza watoto wao shuleni.

Tukizungumzia usalama hapa Tandala, mara nyingi tunataja kufuli na mbwa. Hivyo vinalinda mali. Mtoto anayetoka shule kwenye ukungu anahitaji ulinzi mwingine: watembee kwa makundi, na mwalimu ajue nani anaruhusiwa kumchukua, hata kama ni ndugu. Akichelewa, tusisubiri giza. Tumwambie mwenyekiti wa kitongoji, tupige 112 polisi au 116, simu ya mtoto. Na mgeni tusimpige kwa kumshuku tu; tutoe taarifa.