Kompyuta ya zamani ikikataa DVD

Kompyuta iliyokaa kabatini miaka mingi inatolewa ili mtoto wa sekondari apate pa kujifunzia. Fundi wa Katoro au Kahama anataka kupiga Windows upya. DVD inaingia, inanguruma, halafu kimya.

Wengi hulaumu DVD kuwa feki, na kweli feki zipo. Lakini mzazi ajaribu kwanza CD ya muziki. Ikisomeka na DVD ikakataa, asishangae: draivu ya DVD hutumia mwale mmoja wa leza kwa CD na mwingine kwa DVD, na mmoja unaweza kuchoka mwenzake akiwa mzima. Pia zipo draivu za zamani za CD tu. Windows XP ilitoshea kwenye CD; Windows 7 ilikuja na DVD.

Vumbi la kiangazi huku Shinyanga na Geita halina huruma. Lenzi yenyewe haifiki punje ya dengu. Kwenye laptop hutoka na trei. Zima mashine, ifute taratibu kwa pamba ya masikio yenye spiriti kidogo. Ikigoma bado, flashi ya GB 8 hutosha kwa Windows 7, mradi kompyuta ikubali kuwaka kupitia flashi.

Ila kabla fundi hajafomati, aulizwe: picha za harusi na za bibi aliyefariki zimehamishiwa wapi? Azifungue mbele ya mwenye nyumba, kwenye kompyuta nyingine, ndipo aendelee.