Hina Haiwi Nyeusi kwa Nusu Saa

Idi ikikaribia, mikeka hutandikwa nyuani hapa Makadara, mabinti wetu wapakwe hina. Ni pambo jema. Lakini siku hizi wengi huomba piko, kwa kuwa hukoza upesi, nyeusi kama wino. Bibi harusi ndiye mwenye haraka kuliko wote.

Majani ya mhina husagwa, hukandwa kwa maji ya ndimu, yakaachwa saa kadhaa. Hina ikibanduliwa huacha rangi ya chungwa, kisha hukolea kwa siku moja au mbili. Hakuna jani liletalo weusi kwa nusu saa. Piko aghalabu ni dawa ya kutia nywele rangi, yenye kemikali iitwayo PPD, isiyofaa kupakwa ngozini. Huenda mtoto asidhurike mara ya kwanza. Mara ya pili akatoka malengelenge, akabaki na kovu lenye sura ya ua lile lile alilochorwa. Na mwili ukishaikataa PPD, huikataa hata ukubwani, atakapotaka kutia nywele rangi.

Basi, mama, muulize mchoraji alichotia kwenye koni. Na piko ikianza kuwasha, ioshwe papo hapo kwa maji mengi, mtoto apelekwe hospitali.