Amplifaya ya Kujiundia Si ya Kubabaisha

Imani moja imeota mizizi hapa Uganda, kutoka Kasese mjini hadi Bwera, Kisinga ikiwamo: kwamba chombo cha muziki cha kuaminika ni kile kilichotoka kiwandani ng'ambo, na kilichoundwa na fundi wa hapa ni cha kubabaisha, dalili ya kukosa pesa. Mpiga gitaa wa kwaya akisema anataka kujiundia amplifaya ya valvu, kwa vipande alivyotafuta mwenyewe, ataambiwa adunduize hela mpaka anunue orijino. Wanaomshauri hivyo wanamzibia njia. Imani yao ni ya uongo tangu msingi wake, na gharama yake tunaibeba sote.

Tuanze na majina wanayoyaheshimu wao wenyewe. Leo Fender alikuwa fundi redio. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, California, na gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Amplifaya zake za mwanzo zilifuata michoro ya aina ile ile ambayo watengenezaji wa valvu waliichapisha katika vitabu vyao ili kila fundi aitumie. Valvu alinunua. Spika alinunua, nyingi zikiwa za Jensen. Kazi yake ilikuwa kuchagua, kuunganisha, kusikiliza na kurekebisha.

Jim Marshall naye alikuwa mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma, mwenye duka la muziki huko Hanwell, magharibi mwa London. Wateja wake walitaka amplifaya za Fender, lakini zilizotoka Marekani zilikuwa ghali. Mwaka 1962 fundi wake Ken Bran, pamoja na kijana Dudley Craven aliyekuwa akijifunza kazi katika kampuni ya EMI, waliichukua Fender Bassman kama kielelezo, wakaunda ya kwao kwa vipande vilivyopatikana Uingereza. Pale Fender alipoweka valvu ya 12AY7, wao waliweka ECC83, ambayo hukuza sauti zaidi. Valvu za 5881 za Marekani baadaye zikapisha KT66 za Uingereza. Spika za Jensen za inchi 10 zikaachwa, zikaja Celestion za inchi 12. Kwa kipimo cha washauri wetu, ile ilikuwa feki. Dunia ikaiita JTM45, na kampuni ya Marshall ikajengwa juu yake. Sauti iliyoipa jina ilizaliwa palepale palipobadilishwa vipande. Kama Bran na Craven wangesubiri vifaa vilevile vya Marekani, wangepata nakala ya Fender tu.

Afrika nayo ina mfano wake. Kinshasa, Mingiedi Mawangu wa kundi la Konono N°1 alitaka likembe, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, isikike katikati ya kelele za jiji. Alitoa sumaku kwenye vyuma chakavu vya magari, akaunda vinasa sauti vyake, akaviunganisha na vipaza sauti vikuukuu. Sauti ikatoka na mkwaruzo. Kundi halikuufuta, liliufanya kuwa sehemu ya muziki, na albamu ya Congotronics ya mwaka 2004 ikaufikisha Ulaya na Marekani.

Hata hapa kwetu chini ya Rwenzori jambo hili si geni. Mbao za endara, marimba yetu, huchongwa, hupimwa kwa sikio, huchongwa tena, kisha hulazwa juu ya vigogo vya migomba. Hakuna anayeidharau endara kwa sababu haikutoka dukani, na mchongaji wake huheshimiwa. Basi kwa nini heshima hiyo ikome mara tu waya wa umeme unapoingia? Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mbacha wetu ni mkono unaochonga na sikio linalopima.

Wengine husema valvu ni elimu ya wakubwa. Amplifaya ndogo ya Fender Champ ya miaka ya 1950 ina valvu tatu tu: moja inanyoosha umeme, moja inakuza sauti ya gitaa, moja inaisukuma spika. Nguvu yake ni kama wati 5, za kutosha chumbani na katika kanisa dogo. Mchoro wake wote unaenea katika ukurasa mmoja. Kanuni yake ni hii: kathodi ikipashwa moto hutoa elektroni, elektroni huvutwa na bamba lenye volti nyingi, na kati yao kuna gridi. Umeme mdogo wa gitaa ukifika kwenye gridi, huzizuia au huziachia elektroni hizo. Kwa miaka mingi wanafunzi wa fizikia wa Uganda wamekariri habari za kathodi na elektroni kwa ajili ya mtihani wa UCE. Wanapata alama, wanamaliza shule bila kuwahi kuona valvu ikiwaka. Elimu hiyo tumeilipia karo tayari. Kilichokosekana ni meza ya kazi.

Hoja ya vipande ina uzito kidogo. Ni kweli valvu lazima ziagizwe. Leo nyingi hutengenezwa katika viwanda vichache vya Slovakia, Urusi na China. Lakini Fender na Marshall nao hawakutengeneza valvu. Yaliyobaki yako mikononi mwa watu wetu. Fundi wa kusuka mota anaweza kusuka transfoma akipewa hesabu ya mizunguko, akiweka karatasi ya kukinga kati ya tabaka, na akiacha mwanya mwembamba kwenye chuma cha transfoma ya spika, kwa kuwa mkondo wa moja kwa moja hupita humo. Seremala ataunda sanduku. Fundi bati atakunja fremu. Spika nzima hupatikana ndani ya vyombo vilivyokufa.

Na waya wa shaba je? Kuanzia mwaka 1956 shaba ya mgodi wa Kilembe, hapa wilayani kwetu, ilipakiwa kwenye treni Kasese, ikapelekwa Jinja kuyeyushwa, kisha ikauzwa nje, hadi uchimbaji uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wilaya nzima ilizoeshwa kuchimba, na kusuka kukaachiwa wengine. Imani ninayoipinga ndiyo mabaki ya mazoea hayo.

Hoja ya hatari ndiyo ya kweli kuliko zote, nami siipunguzi. Ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti 300 na zaidi, na kapasita huweza kushikilia umeme huo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Unaua. Kwa hiyo fremu iungwe na waya wa ardhi, fyuzi iwepo, kapasita zimwagwe umeme kupitia rezista, na mita ithibitishe kabla mkono haujagusa. Haya yanafundishika. Marufuku haimlindi kijana atakayejaribu kwa siri. Mwalimu anayesimama pembeni yake ndiye anayemlinda.

Halafu tazama hiyo orijino tunayosifiwa. Mara nyingi ni boksi la bei nafuu lenye vipande vidogo vilivyobanana kwenye bodi moja. Umeme ukiruka, bodi imekwisha, na fundi hana pa kuanzia. Valvu hukaa kwenye soketi, huchomolewa kama balbu na kubadilishwa. Aliyeiunda amplifaya anaujua kila waya wake, na yuko hapahapa Kisinga.

Basi makanisa na bendi ziagize angalau amplifaya moja kwa fundi wa mtaani, zimlipe bei ya kazi yake bila kumdai punguzo la huruma. Walimu wa fizikia waweke valvu moja mezani. Mafundi waandike jina na mwaka ndani ya kila sanduku, pamoja na mchoro, ili anayefuata aendeleze. Fender na Marshall ni majina ya watu wawili wa maduka madogo walioamini kazi ya mikono ya karibu yao. Kisinga inayo mikono hiyo, na haihitaji ruhusa ya kiwanda chochote ili ianze kuitumia.