Barua kwa Ndugu wa Morogoro: Meno Yanyooshwayo kwa Kifurushi

Kwa ndugu wa mjini, Mgeta na Matombo,

Jino hushikwa ndani ya taya na nyuzi laini. Likisukumwa polepole kwa wiki nyingi, mfupa wa upande linakoelekea huliwa na ule wa upande linakotoka hujengeka upya. Meno hunyooshwa kwa njia hiyo, iwe kwa waya au kwa kava za plastiki angavu. Kava moja husogeza jino takriban robo ya milimita, huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku, na hubadilishwa baada ya wiki moja au mbili.

Kava zenyewe hazina ubaya. Madaktari wa meno wanazitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Ubaya uko kwenye biashara ya kuziagiza bila kuonana na daktari. Mteja hupokea kifurushi chenye madonge mawili ya rangi tofauti, huyakanda kwa vidole mpaka rangi iwe moja, huyajaza kwenye kibakuli chenye umbo la taya, kisha hung'ata na kutulia dakika kadhaa. Akitikisika, chapa ya meno yake inaharibika, na kava zote zinazotokana nayo zinafuata kosa hilo. Eksirei hakuna. Jino lililojificha ndani ya taya, au fizi zenye ugonjwa uliokwisha kula mfupa, havitaonekana, na meno yatasukumwa hivyo hivyo: yanalegea, mizizi inafupika, ya juu na ya chini hayakutani tena. Chai ya sukari ikinywewa kava ikiwa mdomoni, sukari hunaswa juu ya jino na kulitoboa.

SmileDirectClub ya Marekani, iliyoanzishwa 2014, ndiyo iliyovumisha biashara hii. Septemba 2023 ilikimbilia mahakamani kwa kuelemewa na madeni, na Desemba ikafunga. Walioachwa katikati ya matibabu walifutiwa dhamana, na waliokuwa wakilipa kwa mafungu wakaambiwa waendelee kulipa. Na wengi wao walikuwa na daktari wa meno karibu na nyumbani.

Huku kwetu, kava inayofika Mgeta ndani ya begi la mgeni kutoka ughaibuni haijapita mikononi mwa TMDA, mamlaka inayosimamia vifaa tiba nchini. Jino likianza kucheza wakati wa masika, kuteremka hadi mjini ni shughuli, na daktari atakayempokea mgonjwa hana picha wala mpango wa matibabu.

Anayetaka kunyoosha meno aanzie kwa daktari wa kinywa na meno, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, apimwe fizi na, ikibidi, aelekezwe kwa mabingwa walioko Hospitali ya Muhimbili. Ndugu wa ughaibuni mwenye fedha ya kifurushi aitume kama nauli na gharama ya vipimo.